Mlango Upi Ubishwe? Somo Kuhusu Mpangilio wa Huduma za Msaada wa Jamii, Kutoka Nairobi Hadi Kijijini

Wazee wengi hufika katika ofisi za wadi wakiwa na kitambulisho mkononi na swali moja: "Pesa zangu za wazee ziko wapi?" Mara nyingi afisa anayeulizwa hana uwezo wa kuzilipa, kuzisimamisha wala kuingiza jina jipya kwenye orodha. Mzee huelekezwa kwa chifu. Chifu humwelekeza benki. Benki humrudisha kwa afisa wa huduma za jamii. Nauli ya bodaboda ya safari tatu kama hizo yaweza kumaliza sehemu kubwa ya zile Sh2,000 anazozitafuta.

Si lazima kila mtu aliyemzungusha awe na nia mbaya. Huduma za msaada wa jamii zimegawanywa katika ofisi nyingi, na kila ofisi ina kazi yake. Mwananchi asiyejua mgawanyo huo hubisha mlango usio wake, akakata tamaa, na haki yake ikapotea kimyakimya.

Katika somo hili tutaeleza ofisi hizo zilivyopangwa, kazi ya kila moja, na namna ya kutambua mlango unaofaa kabla hujalipa nauli. Lisome, kisha umsomee mzee aliye jirani nawe.

1. Msaada huu ni haki, si hisani

Msingi wa yote ni Katiba ya mwaka 2010. Kifungu cha 43 kinasema kila mtu ana haki ya kupata hifadhi ya jamii, na kwamba Serikali itawasaidia wale wasioweza kujikimu wao na wanaowategemea. Kifungu cha 53 kinalinda watoto, cha 54 kinalinda watu wenye ulemavu, na cha 57 kinawapa wazee haki ya kuishi kwa heshima na kupata matunzo kutoka kwa familia zao na kwa Serikali.

Hapa kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni akiba ya mfanyakazi. Aliyeajiriwa hukatwa mshahara, mwajiri naye huchangia, na fedha huwekwa katika NSSF. Hizo ni fedha za aliyechangia. La pili ni msaada wa jamii. Huu hutoka kwenye kodi, na hupewa mtu mwenye uhitaji hata kama hakuwahi kuajiriwa wala kuchangia shilingi moja. Somo letu linahusu huo wa pili.

Msaada unaojulikana zaidi ni mpango wa Inua Jamii, ambao una matawi matatu. Tawi la watoto yatima na walio katika mazingira magumu lilianza kwa majaribio mwaka 2004. La wazee lilifuata miaka michache baadaye, kisha la watu wenye ulemavu mkubwa mwaka 2011. Mwaka 2018, tawi la wazee lilipanuliwa ili liwafikie waliotimiza miaka 70 na zaidi. Kiwango ni Sh2,000 kwa mwezi. Malipo ya miezi kadhaa yakichelewa, aghalabu huunganishwa na kulipwa kwa mkupuo.

Upo pia mpango wa nne, ulioanzishwa kwa ajili ya kaunti zenye ukame mkali. Ulianzia Turkana, Marsabit, Mandera na Wajir, na unasimamiwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame. Kwa hivyo ndugu yako aliye Turkana anaweza kuwa analipwa na mpango tofauti kabisa na ule unaomlipa jirani yako hapa.

2. Nairobi: nani anafanya nini

Kazi ya ulinzi wa jamii iko chini ya Serikali ya Kitaifa, katika wizara inayoshughulikia leba na ulinzi wa jamii. Ndani yake kuna idara ya ulinzi wa jamii na masuala ya wazee, inayoongozwa na katibu. Majina ya wizara hubadilika kila serikali inapopangwa upya, lakini kazi zenyewe hubaki. Zishike kazi, usishikilie majina.

Kazi ya kwanza ni *kutoa fedha za msaada*. Inafanywa na kurugenzi ya msaada wa jamii, ambayo ndiyo inayosimamia orodha ya wanufaika wa Inua Jamii na kuandaa malipo.

Kazi ya pili ni *maendeleo ya jamii*. Kurugenzi yake ndiyo yenye maafisa katika kaunti na kaunti ndogo. Husajili vikundi vya kijamii chini ya sheria ya mwaka 2022, hushughulikia masuala ya wazee na familia, na kusaidia katika kuandikisha wanufaika.

Kazi ya tatu ni *huduma za watoto*. Maafisa wa watoto hufanya kazi chini ya Sheria ya Watoto ya mwaka 2022. Hushughulikia watoto waliotelekezwa, waliodhulumiwa, wanaogombaniwa na wazazi, na walio katika makao ya watoto.

Kazi ya nne ni *huduma kwa watu wenye ulemavu*. Hii ina taasisi yake, Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu, ambalo huwasajili na kuwapa kadi.

Kazi ya tano ni *kuoanisha mipango yote*. Kuna sekretarieti inayotunza sajili moja ya kitaifa, yaani mfumo wa kompyuta unaounganisha mipango ya msaada. Mfumo huu hulinganisha namba za vitambulisho na rekodi za Serikali, ili mtu mmoja asilipwe mara mbili na jina la marehemu lisiendelee kulipwa. Basi kosa dogo kwenye kitambulisho laweza kuzuia malipo, hata kama kijiji kizima kinamjua mwenye kitambulisho hicho.

3. Mashinani: nyuso unazokutana nazo

Afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo ndiye mlango mkuu wa Inua Jamii kwa wazee na watu wenye ulemavu mkubwa. Afisa wa watoto wa kaunti ndogo ndiye mlango wa masuala ya watoto. Wote wawili ni watumishi wa Serikali ya Kitaifa, ingawa wako hapa kwetu.

Hapo ndipo kosa la kwanza hutokea. Serikali ya Kaunti nayo huwa na idara ya huduma za jamii. Vibao vya ofisi hizi mbili hufanana, na pengine zinatazamana barabarani. Ukifika, uliza kwanza: "Hii ni ofisi ya Serikali ya Kitaifa au ya Kaunti?" Swali hilo moja linaweza kukuokoa nusu siku.

Chifu na naibu wake ni maafisa wa utawala wa Serikali ya Kitaifa. Huitisha baraza, huthibitisha kwamba unaishi katika lokesheni yao, na husaidia kutambua kaya zenye uhitaji pamoja na wazee wa kijiji. Hawana fedha hizo, na hawawezi kukulipa. Wala chifu hana mamlaka ya kukuahidi kwamba jina lako litapita.

Mwisho kuna kamati za maslahi ya wanufaika. Hawa ni wanufaika wenyewe, waliochaguliwa na wenzao. Hupeleka habari za siku za malipo kwa wengine, hupokea malalamiko na kuyafikisha kwa afisa. Kwa mzee asiyeweza kusafiri, mwanakamati aliye kijijini mwake ndiye mlango wa karibu zaidi.

4. Mikono minne

Kabla Sh2,000 hazijafika mkononi mwa mnufaika, kazi hupita katika mikono minne.

*Mkono wa kwanza hutambua.* Usajili unapofunguliwa, tangazo hutolewa. Majina hukusanywa mashinani, kaya huulizwa maswali kuhusu hali yake, na majibu huingizwa kwenye mfumo. Orodha husomwa barazani ili wananchi waseme nani ameachwa na nani hastahili.

*Mkono wa pili huidhinisha.* Majina hukaguliwa Nairobi. Umri, kitambulisho na uwezekano wa mtu kuwa katika mpango mwingine huangaliwa. Hapa pia bajeti huamua ni wangapi watakaoingia.

*Mkono wa tatu hutoa fedha.* Kurugenzi huandaa orodha ya malipo, na Hazina Kuu hutoa fedha.

*Mkono wa nne hulipa.* Mnufaika hupokea fedha zake kupitia mtoa huduma za malipo, kwa mfano benki na mawakala wake.

Mgawanyo huu huchosha, lakini una sababu. Kama mtu mmoja angekuwa anaandika jina, analiidhinisha na kulipa, angeweza kuingiza jamaa zake na kuwafungia nje wasiompendeza. Mikono ikiwa mingi, mmoja huukagua mwingine. Hasara yake ni kwamba kila mkono unaweza kusema "si mimi", na ukweli ni kwamba huenda kweli si yeye. Kwa hiyo mwananchi hana budi kujua jambo lake limekwama kwenye mkono upi.

5. Uliza swali hili kwanza: je, jirani amelipwa?

Tumchukue nyanya mmoja wa kufikirika mwenye miaka 72. Hajapata pesa. Kabla hajapanda bodaboda, ajiulize maswali mawili. Je, mimi nimewahi kulipwa? Je, wenzangu wamelipwa mwezi huu?

*Hali ya kwanza: amewahi kulipwa, na hakuna mwenzake yeyote aliyelipwa.* Tatizo liko kwenye mkono wa tatu. Fedha bado hazijatoka. Kwenda kwa chifu au benki ni kupoteza nauli. Asubiri tangazo, na aulize kamati ya wanufaika.

*Hali ya pili: amewahi kulipwa, wenzake wamelipwa, yeye bado.* Tatizo liko kwenye rekodi yake au akaunti yake. Aanze kwa mtoa malipo na kuuliza swali moja tu: je, fedha zimeingia? Kama zimeingia lakini kadi au alama za vidole zinakataa, suluhisho liko hapo hapo. Kama hazijaingia, aende kwa afisa wa maendeleo ya jamii. Yawezekana jina limesimamishwa. Hilo hutokea mnufaika asipojitokeza wakati wa zoezi la kuthibitisha kwamba yu hai, au fedha zinapokaa muda mrefu bila kuchukuliwa. Jina lililosimamishwa si jina lililofutwa. Linaweza kurejeshwa, lakini ni lazima mtu aseme.

*Hali ya tatu: hajawahi kulipwa hata mara moja.* Huenda jina lake halimo kwenye orodha kabisa. Wengi hudhani kwamba ukitimiza miaka 70, pesa huanza kuja zenyewe. Sivyo. Ni lazima uandikishwe, na usajili haufunguliwi kila siku. Hufunguliwa kwa awamu, kulingana na bajeti. Kwa hivyo nyanya huyu ajitambulishe mapema kwa naibu wa chifu na kwa afisa wa maendeleo ya jamii, aangalie kitambulisho chake, na ahakikishe hakosi baraza la usajili litakapoitishwa.

Kitambulisho chenyewe kikaguliwe mapema. Wazee wengi walikadiriwa umri walipokuwa wakichukua vitambulisho zamani. Mtu anaweza kuwa na miaka 74 kweli, lakini kitambulisho kikasema 66. Mfumo husoma kitambulisho, hausomi mvi. Marekebisho hufanywa katika ofisi ya usajili wa watu, si kwa afisa wa jamii, na huhitaji ushahidi. Anza sasa, usisubiri siku ya usajili.

6. Milango ya ulemavu na ya watoto

Mtu mwenye ulemavu huanzia hospitalini. Hukaguliwa na jopo la wahudumu wa afya katika hospitali iliyoidhinishwa, ripoti yake hupitishwa na Wizara ya Afya, kisha Baraza la Kitaifa humsajili na kumpa kadi. Kadi hiyo hufungua huduma kadhaa, kama vile kuomba vifaa vya kumsaidia na msamaha wa kodi kwa mwenye kipato.

Lakini kadi si pesa za kila mwezi. Inua Jamii inawalenga wenye ulemavu mkubwa, wanaohitaji mtu wa kuwahudumia wakati wote, na wanaotoka katika kaya maskini. Hao huandikishwa kama tulivyoeleza hapo juu, na mlezi anaweza kupokea fedha kwa niaba yao. Familia nyingi hufanya hatua moja na kudhani zimemaliza zote mbili.

Kwa watoto, fedha hupewa kaya maskini inayomlea yatima au mtoto aliye katika mazingira magumu, kupitia mlezi wake. Mtoto akitimiza miaka 18 huwa amepita umri wa mpango huu. Cheti cha kuzaliwa cha mtoto na vyeti vya kifo vya wazazi husaidia sana. Vitafute kabla ya usajili kufunguliwa.

Mtoto akidhulumiwa, usingoje utaratibu wowote wa msaada. Piga 116, ambayo ni bila malipo, au nenda kwa afisa wa watoto, chifu au kituo cha polisi kilicho karibu. Hapo mlango wowote unafaa.

7. Serikali ya Kaunti inahusika vipi?

Jedwali la Nne la Katiba linazipa kaunti huduma za afya, elimu ya chekechea, vyuo vya kiufundi vya vijijini, vituo vya kulelea watoto na udhibiti wa majanga. Orodha ya Inua Jamii haimo. Ndiyo maana mwakilishi wadi hawezi kuingiza jina lako humo, wala gavana hawezi kulitoa.

Hata hivyo, mikono yetu iko karibu na kazi hii. Ukaguzi wa ulemavu hufanyika katika hospitali zilizo chini ya kaunti. Mtoto wa kaya maskini huanzia chekechea ya kaunti. Mafuriko, moto au njaa vikija, kaunti ni miongoni mwa wa kwanza kufika. Vilevile mabunge ya kaunti yanaweza kutunga sheria za basari na hazina za makundi maalumu. Msaada wa aina hiyo ukitangazwa, ofisi ya wadi ndiyo mlango wake. Ni msaada tofauti na Inua Jamii, na una orodha yake.

Ofisi ya wadi pia inaweza kukuelekeza, ikakusaidia kuandika barua na kukuambia baraza ni lini. Lakini akikuahidi mtu wa kaunti kwamba ataweka jina lako kwenye Inua Jamii, jua anakudanganya.

8. Ukikosa jibu

Kwanza, piga 1533, laini ya bila malipo ya mpango wa msaada wa jamii. Uwe na namba ya kitambulisho. Omba namba ya lalamiko lako na uiandike. Lalamiko lisilo na namba ni vigumu kulifuatilia.

Pili, andika. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa mtu aliyeathiriwa na uamuzi wa ofisi ya umma haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaitaka ofisi ya umma itoe uamuzi juu ya ombi lako katika muda usiozidi siku 21. Ombi linaweza kuwa la Kiswahili. Asiyeweza kuandika, kwa kutojua kusoma au kwa ulemavu, anastahili kusaidiwa na afisa mwenyewe kuwasilisha ombi lake. Barua fupi yatosha: "Jina langu ni fulani, namba ya kitambulisho ni hii, sijalipwa tangu mwezi fulani. Naomba kujua kwa maandishi kama jina langu limo kwenye orodha, na kama limesimamishwa, sababu ni nini." Baki na nakala yenye muhuri.

Tatu, siku zikipita bila jibu, peleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, inayojulikana zaidi kama Ofisi ya Ombudsman. Kulalamika huko hakulipiwi.

Na hili lisemwe wazi: kuandikishwa ni bure. Fomu ni bure. Kurejeshwa kwenye orodha ni bure. Anayekuomba "kitu kidogo" ili jina lipite hauzi nafasi, kwa sababu hana nafasi ya kuuza. Wala usimpe mtu namba yako ya siri, hata akiwa wakala unayemfahamu, hata akiwa mjukuu aliyetumwa na mjukuu mwingine.

9. Jipime

Jibu maswali haya bila kutazama juu, kisha linganisha.

*a) Wanufaika wote wa kijiji hawajalipwa. Uende kwa chifu?*
Hapana. Fedha bado hazijatoka. Uliza kamati ya wanufaika au piga 1533.

*b) Mzee ametimiza miaka 70 leo. Ataanza kulipwa mwezi ujao?*
Hapana. Ni lazima aandikishwe usajili unapofunguliwa, na jina lake liidhinishwe.

*c) Kijana amepata kadi ya ulemavu. Je, ameingia Inua Jamii?*
La. Kadi na fedha ni mambo mawili, yenye hatua mbili.

*d) Mnufaika amefariki. Familia ifanye nini?*
Itoe taarifa kwa naibu wa chifu na kwa afisa wa maendeleo ya jamii, isiendelee kuchukua fedha. Kama kuna mwingine nyumbani anayestahili, aombe kwa jina lake mwenyewe.

*e) Nyanya alilipwa mwaka jana, sasa wenzake wanalipwa yeye halipwi. Aanzie wapi?*
Kwa mtoa malipo, aulize kama fedha zimeingia. Kama hazijaingia, kwa afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo.

Swali hilo la mwisho ndilo lenye watu wengi nyuma yake. Wengi wao hawasomi majarida, na hawatajua kwamba jina lililosimamishwa linaweza kurejeshwa mpaka mtu awaambie. Ukiwa na dakika kumi wiki hii, pitia kwa mzee mmoja jirani yako. Mwulize mara ya mwisho alilipwa lini, tazama mwaka ulioandikwa kwenye kitambulisho chake, na umsaidie kupiga 1533.